Kona Nne za Katibu

Katibu hakuanzisha mechi kwa filimbi. Aliianzisha kwa kufungua kikao. Timu zimeshajipanga, refa ameukanyaga mpira, watazamaji wamekaa kwenye majani na miwa yao, naye anaingia taratibu mpaka katikati ya uwanja na koti lake la kahawia, anafungua kaunta buku, anatazama saa, anatangaza: "Kikao kimefunguliwa saa kumi na dakika saba jioni. Akidi imetimia." Baada ya hapo anasoma mahudhurio. Wajumbe waliohudhuria, kumi na mmoja. Aliyeomba udhuru, mmoja, beki wa kushoto, ana zamu ya maji shambani. Timu ngeni zilidhani tunazichezea akili, na mara nyingi tulipata goli la kwanza wakiwa bado wanacheka.

Mimi nilikuwa kipa wake. Aliniita Kipa, nami nilimwita Katibu kama alivyoitwa na kila mtu, kuanzia mchungaji hadi watoto wa chekechea. Jina lake halisi nililiona mara moja tu, kwenye kadi ya kliniki ya macho, nikashangaa kwamba analo. Alikuwa katibu wa kwaya, katibu wa wakulima wa kahawa, katibu wa kamati ya mazishi na katibu wa mfereji. Kwa msimu mmoja na nusu alikuwa pia katibu wa klabu yetu ya mpira, klabu ambayo haikuwa na mwenyekiti, mweka hazina wala kocha. Nilimuuliza siku moja kwa nini hatuna mwenyekiti. Akasema wenyeviti huja na kuondoka, lakini kikao bila katibu ni watu waliokaa tu.

Mpira wenyewe hakuujua. Sikuwahi kumwona akiugusa kwa mguu. Ukimjia aliuinamia na kuuokota kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa mgeni. Wakati wa mchezo hakutazama magoli, alitazama mistari. Mpira ukitoka hata kwa unene wa kidole yeye ndiye aliyeona wa kwanza, na hakusita kumpa mpinzani haki yake hata kama tulikuwa tunafungwa. Tulimchukia sana kwa hilo. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa na hakutaka kutukana, refa akikosea Katibu alimtajia namba za kitabu cha nyimbo. Waliotoka kwaya walizijua zote. Aliwahi kumtajia refa mmoja kutoka mjini namba ya wimbo wa kushushia jeneza, na mama wa safu ya sauti ya kwanza aliyekuwa akitazama alifunika uso kwa kanga.

Sasa niseme uwanja ulipokuwa, maana bila uwanja huyu mzee haeleweki. Ukipandisha kutoka Makumira kuuelekea mlima Meru, lami ikishakuacha na migomba ikianza kukuziba pande zote, kuna vijiji viwili vilivyopakana. Majina yao sitayataja, kwa sababu kesi ya mpaka bado ina wenyewe. Kimoja nikiite Juu na kingine Chini. Kati yao palikuwa na mahali pamoja tambarare, pamoja tu. Kwingine kote ni mteremko. Hata kuku wa kule akitaga, yai lazima likimbizwe. Hapo tambarare ndipo watoto wa vijiji vyote viwili walipocheza tangu zamani, na hakuna aliyeuliza ni pa nani, hadi ilipotoka fununu kwamba barabara ya lami itapita jirani.

Baada ya fununu kila mtu akawa na babu. Wazee wa Juu walisema mpaka ni mfereji mpya, kwa hiyo uwanja ni wao na watajenga soko. Wazee wa Chini walisema mpaka ni mfereji wa zamani, ule uliokauka, kwa hiyo uwanja ni wao na utakatwa viwanja vya nyumba. Katibu nyumba yake ilikuwa Juu na shamba lake la migomba lilikuwa Chini, kwa hiyo aliitwa msaliti asubuhi na jioni, na watu tofauti. Alikubali kuitwa. Jambo moja tu hakulikubali, uwanja kukatwa.

"Kipa," aliniambia, "uwanja ukikatwa katikati hupati viwanja viwili. Unapata mashamba mawili ya mahindi, na watoto wanaocheza barabarani na malori."

Ndiyo maana aliunda klabu. Hakuipenda soka, naapa. Aliamini mahali penye timu iliyoandikishwa, yenye jezi na ratiba, patakuwa pagumu kukatwa kuliko mahali penye watoto na mpira wa makaratasi.

Alikuwa na misemo yake. "Mpira una kona nne, ugomvi hauna hata moja." "Uwanja hauna ukoo." Na alipotaka kumkata mtu maneno: "Hilo liende kwenye mengineyo," na kwenye mengineyo hatukufika kamwe. Alikuwa mkali kwa wongo kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Mjumbe mmoja wa kwaya aliomba udhuru wa malaria halafu akaonekana mnadani. Katibu alimsomea muhtasari wa udhuru huo mbele ya usharika mzima, na pia siku ya harusi yake. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Wilaya ilituma tume ya mpaka. Tume ilikuja mara ya kwanza na gari mbili, ikanywa chai Juu, ikanywa chai Chini, ikaacha barua. Barua ilisema kwamba hadi uamuzi utolewe, kila kijiji kishike nusu yake ya uwanja, mstari wa kati uwe mpaka wa muda, na mtu wa kijiji kimoja asivuke kuingia upande wa pili. Kila mwenyekiti wa kijiji akaweka mgambo wake wawili na rungu zao. Sisi tukajua timu imekufa, maana wachezaji watano walikuwa wa Juu na watano wa Chini.

Katibu aliisoma ile barua siku mbili. Siku ya tatu akatuita.

"Nimeisoma mara nne," alisema. "Mpira haujatajwa."

Basi tukacheza hivi. Kipindi cha kwanza goli letu lilikuwa upande wa Chini, kwa hiyo vijana wa Chini walikuwa mabeki na vijana wa Juu washambuliaji, kila mtu kwao. Baada ya mapumziko timu zinabadilishana magoli, kwa hiyo mabeki wote wakawa washambuliaji na washambuliaji wote wakawa mabeki, bila mtu kusogea hatua moja. Mshambuliaji wetu hatari, seremala wa Juu, kila kipindi cha pili aligeuka beki mbovu kuliko wote mkoani. Wapinzani, ambao hawakuwa na mpaka, walikuja wote kumi golini kwetu. Lakini tukiunyaka mpira na kuutupa ng'ambo, ulikuta watu wetu watano wanasubiri, na mbele yao kipa peke yake anayetetemeka. Mechi zetu ziliisha saba kwa sita, tisa kwa nane. Watu walipanda bodaboda kutoka Usa River kuja kutazama.

Mtu pekee wa timu yetu aliyeruhusiwa kuvuka wakati wa mapumziko nilikuwa mimi. Mama yangu alitoka Kilimanjaro, alikuwa fundi cherehani, tulikuwa tumepanga vyumba viwili karibu na chuo cha Makumira. Sikuwa wa Juu wala wa Chini. Kutokuwa na kwetu kulikuwa kumeninyima mengi pale, na kwa mara ya kwanza kukanipa kazi. Mgambo walinipekua glavu kisha wakanipitisha. Na siwezi kujificha nyuma ya kidole: nilikuwa nikiona fahari sana nikivuka ule mstari peke yangu, watu wote wakinitazama.

Siku moja seremala alikimbia kwa kasi akashindwa kujizuia, akavuka hatua mbili. Mgambo wa Chini walimkamata palepale, mpira ukiwa bado hewani, wakampeleka ofisi ya mtendaji na njumu zake. Katibu aliandika: "Mjumbe mmoja ametolewa kikaoni na serikali." Tukamaliza kumi.

Shida nyingine ilikuwa bendera za kona. Tulizishona, zikaibiwa. Tukaweka vijiti, vikawa kuni. Chokaa ilioshwa na mvua. Alfajiri moja, mgambo wakiwa bado hawajafika, Katibu alinikuta barabarani, akanivuta mpaka uwanjani, na kwenye toroli alikuwa na miche sita ya masale.

Asiyejua masale nimweleze, ni ule mmea wa majani marefu membamba unaooteshwa mipakani. Kwa Wameru na kwa Wachaga vilevile una kazi mbili kubwa. Ukipandwa ni mpaka, na hakuna mwenye akili zake atakayeung'oa. Na mtu aliyekukosea akija kwako na sale mkononi kuomba msamaha, huna ruhusa ya kukataa, hata kama bado una donge. Mama alinifundisha hivyo nikiwa mdogo sana.

"Bendera huibiwa," Katibu alisema akichimba. "Sale nani ataliiba?" Tukapanda manne kwenye kona na mawili kwenye mstari wa kati, moja kila upande. Jioni aliandika kwenye kaunta buku: "Ajenda ya nne, bendera za kona. Azimio: masale." Nilimshikia tochi ya simu, maana macho yalikuwa yameanza kumsumbua.

Masale yalishika vizuri. Mvua za masika zilikuwa nyingi mwaka ule, na kufika msimu wa pili yalikuwa yamenenepa, yana vumbi, yamepata ile sura ya vitu vilivyokuwepo siku zote.

Tume ikarudi mara ya pili kumaliza kazi. Ilikuja Jumatano. Jumamosi yake tulikuwa na mechi ambayo mimi nilikuwa silali kwa ajili yake, kwa sababu watu wa timu moja ya daraja mjini walikuwa wameahidi kuja kumtazama kipa. Walisikia kuna kipa anayefungwa magoli saba na bado anabebwa juu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona tayari nimeshafika.

Mwenyekiti wa tume alikuwa na futi ya kupimia na hamu ya kurudi mjini mapema. Alisema wazi kwamba vielelezo vya mifereji vimegongana, kwa hiyo kama hakuna alama ya zamani, uwanja utakatwa katikati leo leo na kila kijiji kichukue chake. Akaanza kukunjua futi. Ndipo mmoja wa wazee watatu wa tume, Mmeru wa kutoka upande wa pili wa mlima, akasimama ghafla kwenye kona.

"Hapa sivuki," alisema.

Wakatazama. Sale. Wakatazama kona nyingine. Sale. Mwenyekiti wa Juu, ambaye kila wiki alikuwa akisimama pembeni ya sale hilohilo kumzomea refa, alipaza sauti: "Haya walipanda babu zetu!" Mwenyekiti wa Chini akadakia: "Babu zenu wapi? Walipanda wa kwetu, hata mimi nilioneshwa nikiwa mdogo!" Na wazee wa pande zote mbili, watu wazima wenye wajukuu, wakaanza kueleza babu yupi alipanda lipi na alikuwa amevaa nini.

Mwenyekiti wa tume alihesabu masale, akatazama magoli, akatazama tena masale.

"Babu zenu," aliuliza, "walicheza mpira?"

Karani wake akamnong'oneza kwamba klabu ina katibu, na katibu anaandika kila kitu.

Wakamwita. Alikuja na koti lake, bila kaunta buku. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kaunta buku, alionekana mfupi.

"Mzee, shikamoo. Unajua nani alipanda haya?" mwenyekiti wa tume aliuliza.

"Marahaba. Kumbukumbu zote huwa ziko kwenye daftari."

"Daftari liko wapi?"

Katibu alitazama mstari wa kati. Halafu akasema, "Limeliwa na mbuzi."

Watu waliguna. Mwenyekiti wa tume akauliza mbuzi wa kijiji gani. Katibu akasema mbuzi hakujitambulisha. Ndipo mwenyekiti akanigeukia mimi: kijana, wewe unashinda hapa uwanjani, umemwona aliyepanda? Katibu hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Alinitazama tu na yale macho yake mabovu. Nikasema, "Mimi hukaa golini, mzee."

Wale wazee watatu walikataa kabisa futi ivuke masale. Tume ikaandika uamuzi palepale juu ya boneti la gari: eneo lote lililo ndani ya masale lisikatwe, lisijengwe, lisitumiwe na kijiji chochote, klabu yoyote wala shughuli yoyote, mpaka aliyepanda ajulikane. Uwanja ukapona. Jumamosi wale watu wa mjini walikuja, wakakuta mgambo wanne wamekaa kwenye masale yao na hakuna mechi. Walinywa soda wakaondoka. Klabu ilikufa wiki hiyo, ikiwa na pointi kumi na nne.

Jumapili Katibu alisimama kanisani baada ya matangazo, akasema anajiuzulu ukatibu wa kwaya. Mchungaji alimwuliza sababu. Alisema mbuzi. Watu walicheka, wengi wanacheka mpaka leo wakiisimulia. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nikimwona njiani nilikata kona. Mtu aliyesoma wongo wa malaria kwenye harusi ya watu, siku ya wongo wake mwenyewe alinichukua na mimi nikauongeza, na ulipoiva ukaila Jumamosi yangu. Nilishuka mjini, nikajifunza biashara ya vipuri, nikafungua duka mtaa wa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Sikudaka tena.

Miaka imepita. Mwaka jana mama alinipigia akaniambia Katibu haoni tena na amekuwa akiuliza, "Kipa yuko wapi?" Nikaenda, nusu kwa kusukumwa. Nilimkuta kibarazani, koti lilelile, bakuli la loshoro, mahindi ya kuchemsha na maziwa mgando, miguuni.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, Kipa. Umechelewa. Tumekosa akidi siku nyingi." Aliniambia niingie ndani, niinue godoro. Kaunta buku ilikuwepo, nzima, haina hata jino la mbuzi. "Nisomee ukurasa wa mwisho."

Ulikuwa wa ile Jumatano. Mwandiko ulikuwa umeteleza nje ya mistari, kwake yeye aliyeichunga mistari ya watu wote. Nilisoma kwa sauti: "Mengineyo. Imeonekana kuwa Kipa amepoteza mechi ya Jumamosi bila kuulizwa. Azimio: Kipa aombwe radhi. Mtekelezaji: Katibu. Muda: haraka iwezekanavyo."

"Utekelezaji umechelewa kidogo," alisema.

Akapapasa chini ya kiti, akatoa sale. Mche mzima wenye majani, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Akaunyoosha upande ambao sikuwepo, nikalazimika kuhama ili niwe mbele yake. Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba nilikuwa kipa wa kawaida sana na wale watu wa mjini wangeliona hilo kabla ya mapumziko. Sikuweza. Nikaupokea kwa mikono miwili, jinsi yeye alivyokuwa akiupokea mpira.

"Uwanja ukoje?" aliuliza. "Mimi nasikia kelele tu."

Nikatembea mpaka pale nimtazamie. Lami haikupita. Hakuna soko, hakuna nyumba. Watu wazima wa Juu na wa Chini wanauzunguka uwanja kwa heshima, wanakwenda mbali kuliko kuvuka masale ya babu zao. Ndani kulikuwa na watoto kama thelathini wa vijiji vyote viwili, na hakuna mgambo wa kuwafukuza, maana hata mgambo havuki. Mtoto mmoja aliuweka mpira chini ya sale, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga kona. Nikamwuliza huo mmea ni wa nini. Alinitazama kwa huruma.

"Si bendera ya kona hiyo?"

Nikarudi nikamwambia Katibu. Alicheka hadi loshoro ikamwagika, kisha akaniamuru niliandike hilo, na saa niliyolisikia. Nililiandika.

Lile sale nimelipanda Sakina, nje ya duka langu. Kesho yake alfajiri jirani yangu, fundi wa gereji, Mchaga kutoka Machame, alikuja akasimama mbele yake na spana mkononi.

"Aisee jirani, tumekosana lini?" alisema. "Hapa unaniwekea mpaka au unaniomba msamaha?"

"Wala. Hiyo ni kona."

Alitazama barabara ya Nairobi, akatazama mabasi, akalitazama tena sale. Alizisogeza tairi zake hatua moja nyuma ya mstari.